Kiti cha Dereva wa Kisoro

Dereva wa lori la Kisoro hufika kwa Fatumah, muuza chai wa Kikuubo, na kiti chake mwenyewe: gogo fupi lililochongwa upande mmoja, jeusi kwa mafuta ya gari. Akishaketi tu, safari inaanza. Mikono inazungusha usukani usiokuwepo, mguu wa kulia unakanyaga breki vumbini, na katika masimulizi yake kona za mlima wa Kisoro zinazidi kuzaana. Jumatatu zilikuwa arobaini, Ijumaa tisini. "Kesho zitafika Kigali, mzee," Fatumah humtania, naye hucheka kuliko wateja wote.

Leo Moreen, dereva mgeni kutoka Kisumu, akasema kesho anaupanda mlima huo na lori lake, mara ya kwanza. Mikono ya mzee ikatulia mapajani.

"Shuka na gia uliyopandia, mwanangu. Breki usiitegemee. Ukisimama kule, hata kidogo, weka hili nyuma ya gurudumu."

Akainuka, akampa lile gogo. Siku zote Fatumah alidhani ni kiti tu.

"Na wewe je?" Moreen akauliza.

"Mimi mawe ya kule yananijua."

Chai akaimalizia wima, mikono imetulia.