Majembe Madogo Kumi na Tisa

Thacienne Uwamariya alizaliwa Kirolirwe, mtoto wa nne wa wakulima wa maharagwe, na amefundisha hapo hapo miaka ishirini na miwili. Vita vimemkimbiza hadi Sake mara mbili. Mara zote alirudi, akafagia darasa, akaendelea.

Tulisomea ualimu pamoja. Katika daftari lake alipigia mstari habari za Mjerumani mmoja wa zamani, aliyefiwa na mama akiwa bado mchanga, ambaye aliamini kwamba watoto wadogo hujifunza kwa kucheza. Shule yake aliiita bustani ya watoto. Serikali ya kwao ikazipiga marufuku shule hizo, naye akafa mwaka uliofuata, hazijafunguliwa. Mimi habari hiyo ilinihuzunisha. Thacienne ilimpa hamu.

"Walifunga milango," aliniambia, "lakini neno lake njo tunasoma hapa."

Basi alipoanzisha darasa la watoto wa miaka minne na mitano, alilitangaza kanisani kwa Kifaransa chake kizuri: jardin d'enfants, bustani ya watoto. Jumatatu walifika watoto kumi na tisa, kila mmoja na jembe lililofupishwa mpini.

"Mama Epiphanie, hii jembe iko ya nini?" akamuuliza mzazi mmoja.

"Si ulisema jardin, Mwalimu? Mutoto atalima na meno?"

Thacienne alicheka hadi akakaa chini. Kisha akakumbuka: yule Mjerumani naye alimpa kila mtoto tuta lake. Hakurudisha jembe hata moja. Siku hiyo hiyo alipima matuta kumi na tisa nyuma ya darasa.

Mwezi wa pili wa darasa uvumi ukafika ofisi ya elimu kwamba kuna mwalimu anayelimisha watoto wa watu shamba lake. Akatumwa mkaguzi, Papa Michel, aje aamue kama darasa litambuliwe au lifungwe. Alisimama katikati ya matuta na viatu vyake vyeusi vinavyong'aa.

"Madame, hii iko masomo ao shamba?"

"Uliza wenye shamba, Papa."

Aliyekuwa karibu ni Gentille, wa miaka mitano, ameinamia tuta lake.

"Uko unafanya nini, mama?" mkaguzi akamuuliza.

"Nahesabu. Nilipanda kumi. Saba imetoka, tatu iko inalala."

"Nani alikufundisha?"

"Maharagi." Kisha akamtazama miguuni. "Papa, uko unakanyaga ya Élie."

Mkaguzi akanyanyua kiatu haraka. Mche wa mtoto huyo mwingine ulikuwa umelala. Akachuchumaa, akausimamisha kwa vidole viwili, akausogezea udongo.

"Pole pole," Gentille akamwelekeza. "Si vile. Hivi."

Mkaguzi alijaza fomu juu ya goti, pale pale. Penye vifaa vya kufundishia aliandika: majembe madogo kumi na tisa. Penye uamuzi: litambuliwe.

Nakala imebandikwa ukutani mwa darasa. Pembeni ina alama ya kidole cha mkaguzi, ya udongo.