Tagi ya Mezani

Kwa Fundi Grisi siku zile chakula kililiwa mapajani, kwa sababu mezani kulikuwa na tagi.

Tagi ni zile boti nene, fupi, zinazovuta meli kubwa kuziingiza na kuzitoa bandarini. Hii ya mezani ilikuwa na urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Fundi aliijenga kwa mbao laini, mabati ya makopo ya biskuti, nyaya za redio mbovu, na subira ambayo mkewe hakupata kuiona hata siku moja bomba la jikoni lilipoharibika. Bomba hilo bado linavuja, kama unataka kujua.

Tagi yenyewe hasa iko chini ya maji, nje kidogo ya bandari. Maji yakipwa, bomba lake la moshi huchungulia. Mji mzima unaijua habari yake: meli ya mafuta ilishika moto gatini, tagi ikaivuta mpaka mbali kabla mji haujageuka mkaa, kisha wakati wa kurudi, moshi umewaziba macho, ikapanda mwamba ikapasuka. Mabaharia wote waliokolewa. Fundi Grisi alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa injini, na jina la utani alilipata humo chini, kwa sababu hata sabuni ilimkatia tamaa.

Sasa bandari ilikuwa inafungua ukumbi wa kumbukumbu, na ikamwomba aijenge upya kwa udogo. Ungedhani kazi ndiyo iliyomkosesha usingizi. Wapi! Aliyemkosesha usingizi ni mkewe. Tangu tagi izame, mama huyu hakuwahi kuitaja, wala kwenda ufukweni kutazama lile bomba. Na sasa imehamia mezani kwake, akipita na sufuria shingo anaigeuzia dirishani. Watu wa ukumbi wangekuja Ijumaa kuichukua, na Fundi alitaka kitu kimoja tu kabla haijaondoka: mkewe aiangalie.

"Ana wivu," alimwambia jirani yake kinyozi. "Kabla haijazama alikuwa akiiita mke mwenzake."

"Basi ipambe," kinyozi akasema, wembe mkononi. "Mke mwenza akipendeza, hata mwenye wivu atachungulia."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Fundi zilikuwa zimebaki chache. Alikwenda akapamba pale alipopajua yeye: chumba cha injini. Akatengeneza kila bomba, kila vali, ngazi ya chuma, hata kikombe cha chai kilichokuwa kikining'inia msumarini. Akajichonga mwenyewe kwa kijiti cha kiberiti, akajisimamisha kando ya injini, akaridhika. Kisha, kwa kuwa boti haiendi bila sitaha, akaweka sitaha juu yake na kuibana kwa gundi.

Gundi ilipokwisha kukauka ndipo akili ikamrudia. Kazi yote ile, na hakuna jicho litakaloiona! Ni mtu wa injini tu anayeweza kufanya kosa kama hilo. Maisha yake yote, boti kwake ilikuwa kile kilicho chini ya sitaha. Hayo mengine ni paa la kuzuia mvua.

Siku ya kuamkia Ijumaa uvumilivu ukamwishia.

"Mama Watoto, njoo uitazame walau mara moja. Kesho inaondoka. Mbona unaichukia hivi?"

"Nani kakwambia naichukia?"

Akafuta mikono, akaja. Akaizunguka meza upande ule, akarudi upande huu.

"Siyo hii," mkewe akasema.

"Siyo vipi? Nimepima mpaka misumari!"

"Huu mlango umeufunga." Alionyesha mlango mdogo nyuma ya bomba la moshi, ule wa kupandia kutoka kwenye injini. "Na wewe uko wapi?"

"Nipo. Niko ndani, huko chini."

"Huko chini mimi nilikuona lini, Baba Watoto? Mimi nilikuwa nasimama gatini. Wanafunga kamba, mlango huu unafunguliwa, kinatoka kichwa chenye kitambaa chekundu. Kabla ya hicho kichwa, kwangu tagi haijafika. Siku ile ya moto watu wakapiga kelele, wamepona wote, wamepona wote! Sawa, wote. Na kile kichwa changu chenye kitambaa kiko wapi?" Akaugusa mlango kwa kidole. "Nilijua nikiiangalia hii nitautazama mlango. Na kweli, umefungwa."

Fundi alimpenda mkewe saa ile kuliko siku ya harusi, na aliona haya kwamba hakuwahi kumuuliza. Akachukua msumeno mdogo, akaukata mlango na kuuacha wazi. Yule wa chini hakutoka tena, gundi ni gundi, kwa hiyo akachonga mwingine, kichwa na mabega tu. Mkewe akaleta uzi mwekundu kutoka kwenye kikapu cha kushonea, akamvisha mwenyewe kwa ncha ya sindano, kisha akampachika mlangoni.

Akarudi nyuma mpaka ukutani, akatazama kwa muda mrefu.

"Haya," akasema. "Sasa imefika. Isogeze pembeni, tule."