Shingo Niliyoifunga Mtandio

Nakumbuka Alhamisi moja, nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimekaa barazani kwetu Mji wa Kale na kofia ya mchumba wangu mapajani, na mkono haunitii. Kwetu nyumbani mwari humshonea mumewe mtarajiwa kofia ya vito, ile inayotobolewa na kudariziwa kwa sindano, naye huivaa siku ya nikaha. Vile vitundu vidogo vidogo hutaka mkono uliotulia. Wangu ulitetemeka hata uzi haupiti sindanoni.

Si mkono tu, mjukuu wangu. Moyo ulinienda mbio nimekaa kitako. Nilikula vizuri na nguo zikazidi kunipwaya. Na hapa chini ya koo palikuwa pameanza kuvimba. Mama aliona kabla yangu. Akanifunga mtandio, akauvuta mpaka kidevuni, akasema, "Usimwambie mtu. Wakweo wakisikia bibi arusi ana uvimbe wa shingo, watavunja posa."

Nami mjinga nikaitikia. Hata kwa daktari nilikwenda na mtandio wangu. Hakuniambia nifungue, nami sikufungua. Akasema ni wasiwasi wa harusi, akanipa vidonge vya usingizi.

Aliyenizindua ni Bi Rukia, mwalimu wangu wa ushonaji, aliyekuwa akiuza kofia zetu Biashara Street. Aliichukua kofia ile, akaitazama ndani na nje.

"Mkono huu si wako," akasema.

"Nimechoka tu, bibi. Daktari asema ni wasiwasi."

"Hebu fungua shingo."

Nikafungua. Akanigombeza vile sijapata kugombezwa hata na mamangu mzazi. "Waficha ugonjwa mbele ya daktari, kisha wataka akutibu nini? Mtandio? Nenda kwa bingwa wa tezi za shingo, umwonyeshe."

Siku ile nilimuasi mama kwa mara ya kwanza, na mpaka leo sijajuta. Nilimwambia harusi itangoja. Alilia, akasema namwaibisha. Nikamjibu kwamba aibu nitaibeba mwenyewe, maana shingo ni yangu.

Yule bingwa alinipapasa shingo, akanipa maji nimeze huku akitazama, akaagiza nipimwe damu. Majibu yaliporudi akaniambia tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi, na nikiiacha vile moyo utaharibika. Ningeshika mimba katika hali ile, ningejihatarisha mimi na mtoto. Niliogopa, sikufichi, lakini nilifurahi pia. Miezi yote ile nilikuwa naambiwa najisumbua bure, na kumbe mwili ulikuwa unasema kweli.

Nilipoanza dawa nikaenda Majengo kwa mama mkwe, shingo wazi. Mwari kwenda ukweni kabla ya nikaha ni jambo lisilofanywa, na majirani walitoka milangoni kunitazama. Nikasema, "Mama, mimi ni mgonjwa wa tezi. Natibiwa, na harusi itangoja mpaka daktari aridhike. Kama hamnitaki, ivunjeni posa leo."

Wakaivunja. Mamangu hakunisemesha mwezi mzima. Niliumia, kwa sababu yule kijana nilimpenda, naye hakuja hata kuniuliza hali. Lakini nilipona. Miaka mitatu baadaye nikaolewa na babu yenu, ambaye habari za ugonjwa wangu nilimpa siku aliyokuja kuposa, kabla hajamaliza kahawa yake ya kwanza. Akaniuliza tu kama bado natumia dawa.

Basi sikiza, mwanangu. Mwili ukikwambia una jambo, na daktari mmoja akasema huna, tafuta mwingine anayekijua hasa kiungo kinachokusumbua. Mwonyeshe kila kitu, muulize mpaka uelewe, wala usiondoke kwa kuona haya. Watakaokukimbia kwa sababu wewe ni mgonjwa, waache wakimbie mapema, ukiwa bado na nguvu za kuwafungulia mlango.

Mungu akupe afya njema, mwanangu, na akupe ulimi wa kuidai.