Miwani ya Mwalimu Chaki

Walimu wa madarasa ya chini walikuwa saba, na sita kati yao walikuwa wanawake. Wa saba alikuwa Mwalimu Chaki, aliyepewa jina hilo na watoto kwa sababu mfuko wa shati lake ulikuwa na doa jeupe lisilosikia sabuni. Alifundisha darasa la pili. Siku aliyoripoti kazini, mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya kengele, alimwita ofisini akamwambia, "Mwalimu, wavulana wa hapa wengi hawajawahi kufundishwa na mwanaume. Watakutazama wewe. Uwe mfano."

Kichwa kikamvimba, tusimfichie. Tangu siku ile akawa ananyoa ndevu kila asubuhi, anapiga viatu rangi hadi vinang'aa, na kila Jumatatu anawapa wavulana wake hotuba fupi juu ya ukweli, usafi na kuwaheshimu dada zao. Wavulana walisikiliza kwa adabu zote, kisha wakachukua walichokitaka wao. Walichukua ile namna yake ya kuvuta suruali magotini kabla ya kukaa, ingawa wao walivaa kaptura. Walichukua kukohoa mara mbili kabla ya kujibu swali. Na kwa bahati mbaya walichukua namna yake ya kusoma.

Mwalimu Chaki alikuwa na miaka arobaini na minane, na macho yake yalikuwa yameamua kustaafu kabla yake. Akitaka kusoma, alinyoosha mkono wote, akarudisha kidevu nyuma na kukunja uso. Mkewe alimnunulia miwani siku mumewe aliporudi kutoka dukani na kopo la dawa ya sakafu badala ya rangi ya viatu.

"Baba watoto, vaa tu," alimwambia. "Utazeeka ukiwa unaona."

Yeye akaitia kwenye droo ya meza ya darasani, chini ya daftari la mahudhurio, akawa anaivaa wakati wa kusahihisha, watoto wakishatoka. Kwake yeye miwani ilikuwa ya wazee, na uzee ulikuwa wa watu wengine.

Muhula wa pili akaja muuguzi wa macho. Alimpa kila mtoto kitabu asome. Wasichana walisoma, wakaenda zao. Wavulana walikuwa ishirini, na wote ishirini walinyoosha mkono, wakarudisha kidevu, wakakunja uso. Kwa wa tano muuguzi alishangaa. Kwa wa kumi aliacha kuandika. Alipomaliza wa ishirini alimkimbilia mwalimu mkuu, jasho linamtoka.

"Mama, hii shida ni ya watu wa miaka arobaini na kuendelea. Mle ndani mna wazee ishirini!"

Msichana mmoja wa dawati la mbele, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwonea huruma. "Hawaumwi," alisema. "Wanasoma kama Mwalimu."

Walimu wanawake, waliovutwa na kelele, walicheka hadi wakashikana mabega. Mwalimu Chaki naye alijichekesha, akajitia anatafuta chaki. Muuguzi akabandika ukutani karatasi ya herufi, na wavulana wakaisoma mpaka chini bila shida. Wote isipokuwa mmoja.

Huyu alikuwa mjukuu wa fundi cherehani, mtoto mkimya aliyekaa dawati la mwisho. Hakuona hata ile herufi ya juu kabisa, iliyokuwa kubwa kama sahani. Alikuwa mtoto wa kusogeza kitabu karibu na pua, lakini mwaka mzima alikuwa akikisukuma mbali kama mwalimu wake, mahali ambapo haoni kitu, kisha anabuni maneno. Na Mwalimu Chaki alikuwa amemwandikia kwenye ripoti, mara mbili, kwa wino mwekundu: "Mvivu. Hajitahidi." Aliyakumbuka maneno hayo pale pale ukutani, na aliona aibu ya kweli.

Miwani ya mtoto ilipatikana baada ya majuma mawili. Siku zikapita, haikuonekana usoni. Jumatatu moja bibi yake, yule fundi mwenyewe, akaja shuleni, futi ya ushonaji bado inaning'inia shingoni.

"Shikamoo, Mama," alisema Mwalimu Chaki.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukushitaki kwako mwenyewe. Mjukuu wangu anaweka miwani mfukoni. Nimembembeleza, nimemgombeza, wapi! Anasema Mwalimu naye haoni vizuri na havai. Eti wanaume wanajikaza."

"Mama, mimi sijawahi kusema hivyo."

"Hukusema. Amekuona." Bibi akaivua ile futi, akaikunja taratibu. "Pale nyumbani tuko mimi, yeye na cherehani. Mwanaume wa kumtazama ni wewe tu. Na Ijumaa ndiyo mtihani."

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: mwalimu mkuu angeandika ubaoni kifungu kipya, maana vya kitabuni watoto hukariri, na kila mtoto angekisoma akiwa amesimama kwenye dawati lake. Asiyeweza angerudia darasa. Mjukuu wa fundi alikuwa amesharudia mara moja.

Jumanne Mwalimu Chaki alitoa somo refu juu ya macho, akachora ubaoni jicho kubwa kama samaki. Wavulana walikohoa mara mbili, wakasema wameelewa. Jumatano alimwita mtoto pembeni, akambembeleza, na mtoto akatazama viatu vyake. Jumatano hiyo hiyo usiku mwalimu hakupata usingizi.

Alhamisi, kipindi cha kwanza, alipiga moyo konde akafungua droo, akavaa.

Darasa zima likamkodolea macho. Kisha mvulana wa mbele akasema, "Mwalimu, umefanana na bibi yangu."

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu Chaki alitamani sakafu ipasuke immeze. "Bibi yako anaona vizuri?" aliuliza.

"Anaona! Anatunga uzi kwenye sindano."

"Basi na mimi naona." Akakishika kitabu karibu na kifua, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, jambo ambalo darasa lile lilikuwa halijawahi kulisikia, akamaliza akicheka mwenyewe.

Dawati la mwisho, mkono ukaingia mfukoni. Mjukuu wa fundi akavaa yake, akautazama ubao, akayatazama madirisha, kisha akamtazama mwalimu kwa muda mrefu. Akakohoa mara mbili.

"Mwalimu, kumbe unacheka?"

"Nimecheka mwaka mzima."

"Mimi nilidhani umenikasirikia."

Na taabu nyingine ikaanzia hapo, kwa kuwa miwani ya Mwalimu Chaki ilikuwa ya kusomea tu. Kwa mbali ilimwonyesha ukungu mtupu. Lakini hakuthubutu kuivua mtoto akiwa anamtazama. Alhamisi nzima alitembea nayo akijigonga kwenye madawati, na mchana alimwamkia mlinzi wa geti kwa heshima zote akidhani ni mwalimu mkuu.

Ijumaa mwalimu mkuu aliandika kifungu chake, akakaa na orodha ya majina na kalamu. Mwalimu Chaki alisimama mlangoni ndani ya ukungu wake. Zamu ya mjukuu wa fundi ilipofika, alisikia kikohozi mara mbili, kisha sauti nyembamba ikasoma mstari wa kwanza, neno kwa neno, na wa pili bila kubuni chochote. Machozi yakamjaa mwalimu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

Sauti ikakatika.

Alipoinua uso alimwona mtoto amesimama, tumbo nje, naye amevua miwani yake anaifuta kwa pindo la shati, na ubao mbele yake umeshapotea. Kalamu ya mwalimu mkuu ilikuwa inashuka kwenye orodha.

Mwalimu Chaki aliirudisha miwani usoni haraka, ikiwa imelowa vilevile. Mtoto akaona kivuli cha mkono kikipanda, naye akarudisha yake.

"Mstari wa tatu," alisema mwalimu mkuu.

Mtoto akausoma, akaendelea mpaka mwisho. Mwalimu Chaki alibaki pale mlangoni, machozi yakimchuruzika chini ya miwani hadi kidevuni, na hakuthubutu kuinua mkono.