Uzi wa Mukufu wa Bluu

Mama mwenye kutufundisha kushona shanga kwa sale ya paroisse, ule ukumbi wa kanisa, hapa Butembo, hatumiake mukasi. Akimaliza mukufu, anainama, anakata uzi kwa meno, kisha anapitisha kidole pale pole pole, kama mutu anapapasa shavu ya mutoto. Ukikosea, hakugombezi. Anavuta kazi yako kwa mapaja yake, anafungua mistari mitatu, anaishona upya, anakurudishia: “Endelea, ni yako.”

Mukufu wangu wa bluu aliushona namna ile mara nyingi, hata shanga nilizoshona miye mwenyewe zikabakia chache sana. Siku ya ubatizo wa mutoto wa dada yangu nikauvaa, bamama wakauliza nani aliushona. Nikajibu mbio: “Ni miye, peke yangu.”

Kumbe yule mama mwenye kutufundisha alikuwa nyuma yangu. Akasogea, akainama kwa shingo yangu, akakata kwa meno kipande cha uzi nilichosahau, akapitisha kidole.

“Sasa imeisha,” akaambia bamama. “Huyu anajua kazi.”

Nilibaki nimeinamisha kichwa kwa haya, na bamama wakazani namungojea akate uzi mwingine.