Jeneza Lililotuliwa Barazani Kwetu

Mkinisikia nikizungumza leo mtadhani nina mafua. Sina. Hii ndiyo sauti niliyobakiwa nayo, na kwa sauti hii hii namshukuru Mungu.

Zamani mtaani kwetu Kibokoni walinijua kwa sauti nyingine. Nilikuwa nikiongoza kasida katika maulidi ya wanawake, na mpango wangu ulikuwa mmoja: niongoze mpaka nizeeke, kisha nimrithishe binti yangu.

Uvimbe ulianza shingoni, mdogo kama kokwa ya tende. Ukakua, ukawa limau. Nikilala chali nakabwa. Hamri la chai ya asubuhi lilinikwama kooni, nikalisukuma kwa maji, maji yakatokea puani. Shangazi yangu, Bi Rukia, alisema ni husuda, akanisomea dua. Nikamshukuru, kisha nikaenda hospitali.

"Tutaitoa tezi hiyo," daktari alisema. "Lakini mshipa wa sauti umepita papo hapo."

"Nitaimba?"

"Utapumua."

Nilizinduka na mrija shingoni ukichuruza damu. Nikafungua kinywa nimwite mama. Ulitoka upepo.

Nyumbani niliwekwa ghorofani. Nilipewa mazoezi ya kupuliza maji ndani ya gilasi kwa mrija huku nikiguna, nami nikaguna mpaka kidonda kikawaka.

Asubuhi moja mama alikuwa ametoka kwenda sokoni. Wanaume waliokuwa wakitoka maziko na kurudisha jeneza tupu msikitini walizidiwa na jua, wakalitua barazani kwetu, wakaenda kutafuta maji. Wanawake wa mtaa wakaliona. Walijua nimepasuliwa. Hawakuuliza mtu, waliingia, wakatandika mikeka, wakaanza kulia.

Niliwasikia vizuri kutoka juu.

"Maskini Zuhura! Na Maulidi ndiyo haya yamefika!"

"Afadhali amepumzika," alisema Bi Rukia. "Angeishije bila sauti?"

Neno hilo lilinichoma kuliko mshono. Nilijaribu kupiga kelele, ukatoka ule ule upepo. Ukutani lilikuwa limetundikwa twari langu, kile kigoma cha duara tunachopigia kasida. Nikalishusha, nikalipiga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Chini kilio kikakatika. Kisha vishindo ngazini. Shoga yangu Mwanaisha akachomoza kichwa mlangoni, macho mekundu.

"Wewe! Uko hai?"

"Niko hai," nikanong'ona, "na njaa inaniuma."

"Ala! Na machozi yote yale tumeyamwaga bure?"

"Msiondoke. Nipikieni uji."

Bi Rukia alipanda wa mwisho, akihema. Nilimvuta karibu ili anisikie. "Shangazi, nitaishi hivi hivi."

Sauti ya kuimba haikurudi. Nilimwomba Mungu anirudishie, hakunirudishia, na bado namwamini. Wako wanaoniuliza nilimkosea Mungu nini. Sikukosa kitu, niliugua. Mungu hakuniahidi kuimba mpaka uzeeni. Ni mimi niliyejiahidi. Maulidi yalipofika Mwanaisha aliongoza kasida niliyoipenda kuliko zote, nami nikakaa kando yake na twari. Nililia. Lakini sikupoteza pigo hata moja.

Namshukuru mama aliyenilisha kwa kijiko, na daktari ambaye hakunidanganya. Nawe uliye na uvimbe shingoni, usiufunike kwa ushungi. Nenda ukapimwe, na dua uende nayo.

Na siku mtakapoliona tena jeneza barazani kwetu, msitandike mikeka. Pandeni kwanza juu mnitazame.