Redio Mpya ya Gari la Magodoro

Madereva wenzake kiwandani walimwita Taratibu, na si kwa mwendo wake wa barabarani tu. Hakutia sahihi hati ya mzigo mpaka awe amelishika kila godoro kwa mkono wake. Mkewe, mshonaji wa mapazia, alizoea kusema kwamba ukimwamkia mume wake "habari za asubuhi", huchungulia kwanza dirishani kuona kama kweli kumekucha.

Basi siku afisa manunuzi alipomwita karakanani na kumwonyesha redio yenye kioo kipana, imeshafungwa kwenye dashibodi ya gari lake, Taratibu hakutabasamu.

"Hii ina ramani, mzee wangu," afisa alisema, huku akikifuta kioo kwa mkono wa shati. "Unaitajia unakokwenda, inakuongoza. Unaiunganisha na simu yako, unaongea bila kuachia usukani. Itumie wiki moja, halafu ujaze fomu hii. Ukiipitisha, tunazifunga kwenye magari yote manane."

"Kwa hiyo inajua nilipo?"

"Itakuongozaje bila kujua ulipo?"

"Na ikishajua, inamwambia nani?"

Afisa akacheka. Taratibu hakucheka. Njia za mji ule alikuwa nazo kichwani miaka kumi na tisa. Mtu akikupa wa kukuonyesha njia unayoijua, aliwaza, ama anakupeleleza ama anakutafutia mrithi.

"Wakupeleleze wapate nini?" mkewe alimuuliza jioni ile, pini zikiwa midomoni. "Wewe ni kazini na nyumbani, nyumbani na kazini. Hata mpelelezi atasinzia."

"Cha bure kina gharama, mke wangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa."

"Sawa. Lakini fomu si umepewa wewe? Ijaribu kama unavyotujaribu sisi sote, kisha uandike ulichokiona."

Hilo lilimwingia. Siku tatu aliijaribu redio ile kama hakimu anayehoji shahidi. Sauti ilikuwa safi. Mkewe alipopiga simu, maneno yalitoka kwenye spika kana kwamba amekaa kiti cha pembeni, na Taratibu akajikuta anageuka kumtazama. Ramani haikumfurahisha sana. Mara mbili ilimwambia apite barabara ya nyuma ya bohari, ambayo ilizibwa ukuta mwaka juzi. Aliliandika hilo kwenye fomu, akalipigia mstari.

Siku ya nne, mchana, alikuwa ameegesha nje ya duka la mteja, wapakuzi wakishusha mzigo. Akaanza kupekua redio, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta mahali ambapo habari zake zinatumwa. Hakupaona. Alichokiona ni orodha ya simu zilizowahi kuunganishwa. Yake ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliandikwa: Simu ya Mama Pacha.

Akarudi kwenye ramani. Palikuwa na sehemu moja iliyohifadhiwa: Nyumbani.

"Nyumbani kwa nani?" alijisemea. "Redio mpya ina kwao?"

Alishika simu ampigie afisa manunuzi, kisha mkono ukasita. Kesi ya nyani utampelekeaje ngedere? Wapakuzi walipomaliza, alikibonyeza kile kineno. Sauti ya mwanamke ikamwambia apinde kushoto, naye, kwa mara ya kwanza, akatii bila kubisha.

Ilimpeleka hadi kwenye geti la kijani. Akaegesha mbele yake, akazima gari, akachungulia kwenye nondo. Ndani palikuwa na gari dogo; dirisha moja limezibwa kwa nailoni, na kwenye dashibodi pana tundu linaloning'iniza nyaya. Mwanamke akatoka, simu mkononi, akasimama hatua tatu nyuma ya geti.

"Unamtaka nani?"

"Samahani, dada. Hapa ni kwa Mama Pacha?"

"Jina hilo umeambiwa na nani?"

"Na redio," alijibu, na papo hapo akasikia jinsi jibu lilivyokaa vibaya.

"Redio!" Mwanamke alirudi nyuma. "Mwezi uliopita mlinivunjia kioo, mkaing'oa. Leo unakuja mlangoni unanijua hadi jina. Umekuja kumalizia kipi?"

Taratibu, aliyemshuku kila mtu tangu ujana wake, hakuwahi kuwa yeye anayeshukiwa. Akaufungua mlango wa gari wazi kabisa, mwanamke aone ndani, akazima simu yake redio isiunganike nayo, akageuza ufunguo. Kioo kikawaka. Punde maandishi yakatokea: Simu ya Mama Pacha imeunganishwa.

"Mpigie mtu yeyote unayemwamini," alisema.

Akampigia kaka yake. Sauti nzito ikatoka kwenye spika za gari la magodoro: "Dada, kuna nini?"

Mwanamke akaweka kiganja mdomoni. "Kuna mzee hapa. Ana redio yangu."

"Mzee gani? Asiondoke hapo!"

"Siondoki, kaka," Taratibu akajibu, akiinamia ndani ya gari. "Njoo. Na polisi njoo nao."

Walikuja, wakaandika maelezo. Kiwandani, mbele ya meneja, afisa manunuzi alitoa risiti ya duka na kuapa kwamba aliuziwa kama mpya. Namba ya duka lile ilipopigwa, haikuwa ikipatikana. Redio ilifunguliwa kutoka kwenye dashibodi, na baada ya wiki mbili ikarudi kwa mwenyewe. Afisa alibaki kitini pake, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba alijua.

Fomu ilikuwa na swali la mwisho: unakipendekeza kifaa hiki? Taratibu aliandika: "Kifaa ni kizuri, ramani irekebishwe. Aliyekileta bado sijamaliza kumjaribu."

Meneja alimwomba aifute sentensi ya pili. Taratibu akaomba muda wa kufikiri, na muda huo haujaisha. Siku hizi kila kinachonunuliwa kwa ajili ya karakana, hata taa ya breki, hupitia kwake kwanza. Afisa humletea mwenyewe, na shikamoo yake huwa ndefu kuliko inavyohitajika. Taratibu huitikia marahaba, macho yakiwa kwenye taa anayoigeuzageuza mkononi.